Nimeacha sigara, sasa nguo zote zinanibana

SWALI

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Morogoro. Nimekulia Urambo, Tabora, kwa wazazi wakulima wa tumbaku. Bibi yangu alikuwa anavuta, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa jikoni nikamwashie sigara kwenye kaa la moto. Ukiwasha lazima uvute kidogo ili ishike. Nilianzia hapo, ingawa kununua pakiti yangu mwenyewe kulikuja ukubwani, nilipofungua ofisi yangu ya kushona. Nikawa navuta nane kwa siku, oda zikiwa nyingi hata kumi.

Mwaka huu nilikwenda kliniki ya uzazi wa mpango kuchukua vidonge kama kawaida. Nesi akaniuliza umri, akaniuliza kama navuta. Nilipomjibu ndiyo, akasema vidonge vile havinifai tena, kwamba mwanamke aliyepita miaka 35 na anavuta anajitafutia damu kuganda, moyo na kiharusi. Akanichoma sindano ya miezi mitatu. Nilitoka pale nimetishika, nikaacha sigara wiki ileile bila dawa yoyote.

Huu ni mwezi wa nne. Arosto ya mwanzo ilikuwa balaa. Kichwa, hasira, kugombana na wateja, mpaka mume wangu akasema, "Heri uvute tu mama fulani, nyumba itulie." Hiyo imepungua. Kinachonisumbua bado ni umeme ukikatika. Cherehani yangu ni ya umeme, ikisimama mikono inakosa kazi na hamu inanipanda kama vile nimeacha jana. Nikimaliza kula pia, na nikimaliza gauni gumu. Usiku usingizi haujakaa sawa, na kahawa siku hizi inanidundisha moyo na kunitetemesha mikono, ingawa nakunywa kiasi kilekile cha miaka yote.

Lakini Anti, kinachonikosesha raha hasa ni mwili. Nilikuwa kilo 61, sasa ni 68. Urefu wangu ni futi tano na inchi nne. Kiuno kilikuwa 31, leo asubuhi futikamba imesoma 34. Nimefumua magauni yangu mwenyewe mpaka mshono wa ndani umekwisha. Wateja wanasema nimenawiri, mama mkwe ameshauliza kama kuna mgeni tumboni. Nimeamua kujibana: asubuhi na mchana sili, nakunywa chai tu mpaka jioni, na kilo hazishuki hata moja. Mteja mmoja ananishawishi ninunue kwake majani ya kupunguza tumbo, bado sijaanza. Kutembea nako nimeacha, kwa sababu njia ya miguu kutoka kwangu Mafiga mpaka sokoni inapita kwenye kibanda nilikokuwa nanunua sigara. Napanda bodaboda nisikione.

Wiki iliyopita nilisimama palepale nikanunua mbili. Moja nikaivuta uchochoroni nyuma ya ofisi. Ya pili nimeificha kwenye droo ya cherehani, kwenye kopo la bobini. Nafikiria hivi: nikirudia mbili tu kwa siku, moja asubuhi na moja jioni, si mwili utashuka, na mapafu yatakuwa yamepumzika kiasi? Halafu mdogo wangu anaolewa Desemba. Gauni langu la sare nalishona mwenyewe. Nilishone kwa kipimo kipi, cha zamani au cha sasa?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na ile ya kwenye kopo la bobini. Itoe sasa hivi, ivunje, iloweshe maji, itupe. Usimpe mtu, usiiuze, usiiache "kwa dharura". Ile uliyokwisha kuivuta haijafuta miezi yako minne. Watu wengi wanaoacha huteleza mahali fulani njiani, wanainuka wanaendelea. Kinachomrudisha mtu kwenye pakiti ni hii ya akiba, kwa sababu siku mteja atakapokutukana na umeme umekatika, hutaitafuta. Itakuwa tayari iko kwenye vidole.

Sasa hesabu yako ya mbili kwa siku. Nimeisoma mara kadhaa kwa sababu ndiyo sababu hasa ya barua yako, mengine umeyaandika kuizunguka. Sikufichi: nikotini kweli hupunguza njaa na huufanya mwili uunguze chakula haraka kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana wanaoacha huongezeka. Lakini mwili wako ulizoea nane mpaka kumi. Mbili hazitakupa wembamba wa kumi, zitakupa hamu ya ya tatu. Utakuwa na arosto ya kila siku isiyoisha, badala ya ile uliyokwisha kuimaliza.

Na kwa moyo, mbili si kidogo kama unavyodhani. Utafiti umeonyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Hatari haishuki sawasawa na idadi. Kwa upande mwingine, anayeacha kabla ya kufika miaka 40 anaondoa takriban asilimia 90 ya hatari ya kufa kwa magonjwa ya sigara. Wewe una 38. Umeuwahi mstari huo kwa miaka miwili, halafu unataka kuurudisha kwa sababu ya kiuno.

Nakuelewa kuhusu kiuno. Sitakuambia "mwili si kitu", mimi pia nina kabati la nguo. Ila kilo saba zako zina wenyewe kadhaa, na wewe umezibebesha zote kuacha sigara. Hebu tuwatafute mmoja mmoja.

Kuacha sigara kuna fungu lake. Kwa wastani, anayeacha bila dawa huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakuja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua. Wapo wanaozidi hapo, wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wanaopungua. Kwa hiyo fungu hili huenda limeshakaribia mwisho wake. Hutaendelea kufumua mishono mpaka Pasaka.

Sindano nayo ina fungu lake. Umeitaja mstari mmoja ukapita, lakini mimi ndipo niliposimama. Ulichomwa wiki ileile uliyoacha kuvuta, na bila shaka umeshachomwa ya pili. Sindano ya miezi mitatu ni njia nzuri na inafanya kazi yake, ila baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia. Siwezi kukuambia kwako imeleta kilo ngapi, na ukiambiwa na mtu usimwamini. Ninachojua ni kwamba mambo mawili yameanza wiki ileile na wewe umelaumu moja.

Halafu bodaboda. Ulikuwa unatembea kwenda na kurudi, kila siku ya kazi, miaka na miaka. Umeacha ghafla mwezi uleule ambao mwili wako umepunguza kasi ya kuunguza chakula. Hilo fungu umejitwisha mwenyewe kwa nia njema kabisa, na ndilo jepesi kulitua. Kibanda kina njia moja, Mafiga ina nyingi. Toka nusu saa mapema, zunguka barabara nyingine, tembea kwa kasi ya mtu aliyechelewa. Kutembea hivyo kunapunguza hamu ya sigara papo hapo, sio uzito tu. Jioni, ukiwa umechoka na umebeba vitambaa, panda hiyo boda.

La mwisho ni chai. Unasema asubuhi na mchana huli, unakunywa chai tu. Chai yenye vijiko vingapi? Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni vijiko 12 vya sukari, zaidi ya soda moja ya chupa ndogo yenye vijiko tisa hivi. Ukiongeza maziwa na andazi la "kushikilia tumbo" ambalo hukuliandika (najua lipo), hujafunga. Umekula sukari kutwa nzima, kisha jioni unakaa mezani na njaa ya siku mbili.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kujinyima chakula katika miezi hii ni hatari kwako kuliko zile kilo. Njaa na hamu ya sigara zinafanana mwilini: tumbo kukunja, hasira, mikono kutotulia, kushindwa kufikiri. Mtu aliyevuta muda mrefu hawezi kuzitofautisha haraka. Saa nane mchana mwili wako unadai chakula, wewe unasikia sigara. Rudisha milo mitatu. Asubuhi kula kitu kinachokaa: yai la kuchemsha na kiazi kitamu, au uji wa ulezi usiojaa sukari, au maharage yaliyobaki jana. Mchana nenda kwa mama ntilie wako, mwambie ugali nusu, mboga za majani mara mbili, na samaki au maharage. Atakushangaa siku ya kwanza, ya tatu atakupakulia bila kuuliza. Chai punguza mpaka kijiko kimoja, taratibu, usikate siku moja.

Mdomo nao unataka kazi, tusijidanganye. Mswaki wa mti ni dawa nzuri sana hapa, unatafunika muda mrefu, una ladha, na mkono unaushika kama ulivyoshika kile kingine. Karafuu moja chini ya ulimi. Tango, karoti, embe bichi lenye chumvi na pilipili. Karanga si mbaya, ila nunua kakifuko kamoja na usimwite tena kijana anayepita, maana mkono uliozoea kwenda mdomoni hauhesabu. Ubuyu wa rangi na pipi waachie watoto.

Umeme ukikatika. Nimeipenda hii kwa sababu umeijua mwenyewe, na mtu aliyeijua saa yake ya hatari ana nusu ya kazi. Hamu inayokupanda sasa, mwezi wa nne, si nikotini inayodai damuni. Ile makali yake yalikuwa siku chache za mwanzo na wiki zilizofuata. Iliyobaki ni mazoea ya miaka: mashine kimya, mwanamke uchochoroni. Inapanda, inafika juu, inashuka ndani ya dakika chache, uvute usivute. Kinachotakiwa ni kuwa na kitu cha kufanya dakika hizo. Weka kapu moja la kazi za mkono, na kuanzia leo usizifanye wakati umeme upo: vifungo, kulabu, pindo za kitenge, kufumua. Zihifadhi zote kwa ajili ya saa hiyo. Mashine ikizima, kapu magotini, kiti mbele ya ofisi wapita watu, sio nyuma. Ukifika kifungo cha tatu au cha nne utaona imeshapita. Na ofisi itakuwa imetoa oda kwa wakati, jambo ambalo mafundi wa nchi hii hamjulikani nalo.

Baada ya kula inuka palepale mezani, sukutua au piga mswaki, osha vyombo. Gauni gumu likiisha, ulikuwa unajilipa kwa sigara, kwa hiyo tafuta malipo mengine, usijaribu kuishi bila malipo. Sigara nane ulizookoa leo zina bei. Tia hela kwenye kopo lilelile la bobini.

Kahawa inayokutetemesha ina maelezo, na wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini mwilini kwa kasi. Ulipoacha, ini limerudi kwenye mwendo wake, kwa hiyo kikombe kilekile cha zamani sasa kinakaa damuni muda mrefu zaidi na kwa wingi zaidi. Hujaanza kuwa na "moyo mbovu". Unakunywa kahawa nyingi kuliko unavyodhani. Ikate nusu, na baada ya saa sita mchana usiiguse. Chai ya rangi nzito nayo ina kafeini, ihesabu humohumo. Usingizi ukirudi, njaa ya ovyo itapungua nayo, kwa sababu asiyelala hula.

Majani ya kupunguza tumbo usinunue. Mengi ya aina hiyo ni ya kuharisha na kukojoza. Mizani itashuka siku mbili kwa maji uliyopoteza, mafuta yatabaki pale pale, na choo kitaanza kugoma bila majani. Mteja huyo mshonee nguo, biashara iishie hapo.

Umenipa urefu wako, nami nikafanya hesabu. Kwa kipimo cha BMI, kinacholinganisha uzito na urefu, mtu wa futi tano na inchi nne anahesabiwa amezidi uzito akipita kilo 66 hivi. Umepita kwa kilo mbili. Kiuno cha mwanamke kinatajwa kuwa cha hatari kubwa kikifika sentimeta 88, yaani karibu inchi 35. Uko 34, kwa hiyo ni mahali pa kuangalia, sio pa kupiga yowe. Mwezi huu na ujao lengo lako la uzito liwe kutoongeza. Kupunguza kuje baadaye, nusu kilo nusu kilo, ukishakuwa na uhakika kwamba umeme ukikatika hufikirii uchochoro. Wanaopigana na sigara na kilo kwa nguvu zote kwa pamoja mara nyingi hushindwa vyote.

Kwa hiyo gauni la sare shona kwa kipimo cha sasa. Fundi humshonea mteja mwili aliokuja nao. Acha inchi moja ya ziada kila mshono wa ubavu, ukipungua utabana, na ukibaki ulivyo utacheza ngoma ya mdogo wako bila zipu kukuachia.

Mume wako alisema neno la uchovu, nadhani analijutia. Mkalishe siku nzuri, mwambie kitu kimoja unachohitaji kutoka kwake, kimoja tu, mfano kwamba ukimwambia "imenipanda" asikujibu chochote, atoke na wewe mzunguke mtaa. Waume wengi hutaka kusaidia, wakikosa pa kushika ndipo wanatoa ushauri wa ajabu.

Neno kwa wasomaji wengine ambao ndiyo kwanza wanataka kuacha: si lazima upite alikopita huyu dada bila dawa. Zipo bigijii na bandiko za nikotini, katika miji mikubwa ulizia famasi kubwa, au muulize daktari. Bigijii hizo hazitafunwi kama jojo: tafuna polepole mpaka usikie muwasho wa pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha tafuna tena. Usinywe soda wala kahawa muda mfupi kabla yake, inaharibu ufyonzaji. Na mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku za akili au za pumu amwambie daktari wake kwamba anaacha, kwa sababu baadhi ya vipimo vya dawa huhitaji kurekebishwa.

Narudi kwako, fundi. Usingoje tarehe ya sindano ijayo ifike ndipo ukimbie kliniki, nenda wiki moja kabla. Pimwa presha na uzito. Ukiwa umeshakata kahawa na moyo bado unadunda, useme, na ukipata maumivu ya kifua au pumzi kukatika usingoje tarehe yoyote. Kisha muulize nesi njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakitakuongezea uzito, ingawa kwa wengine hedhi huwa nzito zaidi mwanzoni. Sindano usiiache kimyakimya kwa kuogopa kilo, mgeni anayeulizwa na mama mkwe asije akabisha hodi kweli. Na hakikisha nesi anaandika kwenye kadi yako kwamba umeacha kuvuta na lini, kwa sababu kadi hiyo bado inasema unavuta, na njia utakazopewa miaka ijayo zitachaguliwa kwa kuisoma hiyo.

Anti